Dengu za Mzee Albano

Mgahawa uliitwa Iliki. Ulikuwa Tegeta, kando ya barabara ya Bagamoyo, ghorofani juu ya duka la vigae, na kila Sesilia alipokwenda Bunju kumwona binti yake aliinua macho kuzitazama zile taa zake za rangi ya chungwa. Harufu ya bizari na vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa inashuka mpaka kituoni. "Ipo siku na mie nitaingia humo," alimwambia Albano mara moja, kwa mzaha tu, kama mtu asemavyo ipo siku atapanda ndege. Albano hakucheka. Alikuwa mtu wa kuyaweka maneno ya mwenzake na kuyatunza.

Sesilia alikuwa fundi cherehani pale Tabata Kimanga, mjane wa mwaka wa sita, mwanamke wa makamo aliyebaki na kiuno chake na meno yake yote. Kwao ni Newala. Lakini aliolewa akiwa bado msichana na Mpare mmoja aitwaye Elinaza, karani, na mawifi zake wakamcheka lafudhi yake ya kusini mpaka akaisugua ikatoka, kama mtu anavyosugua masizi ya sufuria. Watoto wake wawili, Elibariki na Noela, hawakupata kusikia neno hata moja la Kimakonde kinywani mwake. Wakiulizwa kwao wapi, walijibu Same, na hakuna aliyeweza kuwaambia wamekosea.

Albano yeye alikuja dukani kupunguza suruali. Tangu mkewe afariki, nguo zote zilikuwa zimemkimbia mwilini. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Masasi, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya patasi, na lafudhi yake hakuwa ameisugua hata kidogo: mke kwake alikuwa nke, mtoto alikuwa ntoto. Siku ya kuchukua suruali alileta ming'oko ya kuchemsha ndani ya kopo, ile mizizi ya porini ambayo Sesilia hakuitia mdomoni tangu utoto. Aliila amesimama nyuma ya cherehani, machozi yakimlengalenga, na Albano akageuka kutazama barabarani ili asimwaibishe.

Kuanzia hapo alikuwa anapita jioni. Anakaa kwenye benchi la wateja, wanaongea lugha ya nyumbani, kwanza kwa kubabaisha kwa upande wa Sesilia, kisha ikaanza kumrudi yenyewe. Siku moja Albano akasema hataki mambo ya kuviziana kama vijana. Anataka ndoa, kwa padri, mchana kweupe. Ila kwanza anataka kuwaona watoto, awaombe mama yao kwa mdomo wake mwenyewe.

"Watoto ni watu wazima," Sesilia alimwambia. "Hawana neno."

Neno walikuwa nalo. Elibariki alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, na ile nyumba ya Tabata aliyoiacha baba yao, pale karibu na lami, ilikuwa inamwasha kama upele. Noela alikuwa na saluni Bunju na mimba ya miezi saba, na mumewe kutwa yuko mikoani kikazi. Kila mmoja alikuwa ameshampangia mama yake uzee: nyumba ikodishwe, mama ahamie Bunju kwenye chumba cha nyuma, alee mjukuu. Katika mpango huo hapakuwa na mahali pa kumweka mchonga vinyago.

Wiki ile Albano aliyowaalika wote chakula pale Iliki, Noela alipiga simu, sauti yake laini kama losheni.

"Mama, huyo mzee wako anakulaga nini? Isije tukaagiza asivyopenda."

Sesilia akafurahi. Alidhani anaulizwa kwa wema. Akamweleza yote: kwamba Albano ana vidonda vya tumbo, kwamba pilipili haigusi hata kwa ncha ya ulimi, kwamba mwaka juzi alitapika damu akalazwa. Noela alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ee, maskini."

* * *

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Albano aliwatangulia. Walimkuta amekaa kwenye meza ya dirishani, amevaa shati la kitenge alilolishona Sesilia, mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Alipowaona alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Habari," alisema Noela.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Albano. Mdomo ulijibu wenyewe. Umri wake wote hakuwahi kukutana na mtoto wa mtu asimwamkie.

Elibariki alikuwa ameshavuta kiti. "Nani kakuamkia?" aliuliza.

Albano akatabasamu, akidhani ni utani. Akamtazama Sesilia aone kama ni utani. Sesilia alikuwa anaweka mkoba wake vizuri begani, na aliendelea kuuweka vizuri kwa muda mrefu kuliko mkoba unavyohitaji.

Mhudumu alikuja, kijana aliyeandikwa Twaha kifuani. Elibariki aliichukua menyu akaisoma kwa sauti, akayavunja yale majina ya Kihindi kwa madaha, akaagiza kama anayetaka kumaliza jikoni kote: biriani ya mbuzi, kuku wa mchuzi wa siagi, kamba, mikate ya naani ya vitunguu saumu, kondoo wa mchuzi mwekundu ambao Twaha mwenyewe alimtahadharisha kuwa ni mkali. "Lete," alisema Elibariki. "Mzee ndo katualika."

"Na wewe, mzee?" aliuliza Twaha.

"Mie dengu tu, baba. Dengu na wali mweupe. Zisiwe na pilipili kabisa. Nina tumbo."

"Ana tumbo," Elibariki alirudia, akimwangalia dada yake.

Noela alichezea kijiko. Kisha akasema anataka kwenda kunawa, na kaka yake akasema amsindikize, maana ngazi zina utelezi. Sesilia aliwaangalia wakienda. Noela alipita moja kwa moja mpaka chooni peke yake, ngazi hakuna. Elibariki alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alimshika Twaha bega, akamwinamia sikioni, akaonyesha kwa kidevu upande wa meza yao, kisha akamtia kitu mfukoni. Alipogeuka alikuwa na uso ambao Sesilia aliufahamu tangu mtoto huyo alipokuwa anamfungia paka kopo mkiani. Twaha naye aligeuka, akakutana macho na Sesilia. Sesilia alishusha macho kwenye chumvi.

Angeweza kunyanyuka. Angeweza kumwita Twaha akamuuliza. Badala yake alijiambia kwamba labda ni mambo ya soda.

"Pazuri," alisema Albano. "Sivyo? Ulisema unapataka."

"Pazuri," alisema Sesilia.

Hapakuwa pazuri. Zile taa za chungwa ukiwa ndani zilionyesha vumbi lake na nzi waliokufa. Kitambaa cha meza kilikuwa na doa la manjano ambalo mtu alijaribu kulificha kwa kiboksi cha tishu. Walikaa, wakakaa, na chakula kilipofika kilifika kwa mafungu kama abiria waliopotezana stendi. Naani ilitangulia, imepoa, ngumu kama soli ya kandambili. Biriani ilikuwa ya jana, wali wake juu umekauka na chini umejaa mafuta, na mbuzi aliyekuwamo alikuwa mifupa na mishipa. Mchuzi wa siagi ulikuwa mtamu kama uji wa mtoto. Sesilia alilipasua paja la kuku kwa uma, na penye mfupa damu ikatoka, nyepesi, ya rangi ya waridi. Alilifunika kwa kipande cha naani asilione Albano, maana Albano alikuwa anamtazama kila anapotia tonge mdomoni, akisubiri.

"Kitamu?"

"Kitamu."

"Mzee," alisema Elibariki akisukuma sahani ya biriani, "hivi biriani ushawahi kula? Sema kweli. Maana umekuja kutulisha makombo hapa na unatuuliza kitamu."

"Kaka, muache," alisema Noela akicheka. "Huko kwao wanakulaga panya. Kwake hii ni Ikulu."

Albano alicheka nao. Alisema ni kweli, panya wa porini anakula, tena panya akichomwa vizuri anamshinda kuku huyu. Alisema ili kuwe na kicheko ambacho na yeye yumo. Lakini hawakucheka. Walimtazama tu, akabaki anacheka peke yake, mpaka kicheko kikamwishia.

Ndipo Twaha alipoleta dengu. Bakuli zuri la shaba, dengu za manjano zilizopondeka, zinang'aa, majani ya giligilani juu. Aliliweka mbele ya Albano bila kumtazama mtu, akaondoka upesi. Albano alifanya ishara ya msalaba, akamimina kwenye wali, akala kijiko cha kwanza.

Sesilia aliona kooni mwake. Aliona kikoromeo kikipanda na kukaa juu bila kushuka. Kisha kikashuka. Albano aliweka kijiko chini taratibu, akachukua maji, akanywa glasi nzima. Paji la uso lilishaota jasho.

"Vipi mzee?" aliuliza Elibariki.

"Nzuri. Ina moto kidogo."

"Mbona unaweka kijiko? Sie kwetu Upareni, mtu akija kuposa akiacha chakula mbele ya watoto, maana yake ameukataa ukoo. Au sio, mama?"

Hapakuwa na desturi kama hiyo Upareni wala popote. Sesilia alikaa na Wapare miaka thelathini, alijua. Wote watatu sasa walikuwa wanamwangalia: mwanawe kwa kiburi, bintiye kwa simu iliyoinuliwa kidogo juu ya tumbo kana kwamba anapiga picha ya chakula, na Albano kwa macho yaliyoanza kuwa mekundu, macho ya mtu anayengoja neno moja tu aache.

"Ndivyo wanavyosema," alisema Sesilia.

Albano alikishika tena kijiko.

Alizila dengu zote. Alizila kama mtu anayebeba mawe kutoka upande huu wa barabara kwenda ule, kijiko baada ya kijiko, pua ikimtiririka, machozi yakishuka kwenye mikunjo ya uso mpaka kwenye kola ya lile shati. Elibariki alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Noela alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtetemeka. Watu wa meza ya pili walishageuza viti. Alipomaliza alikomba bakuli kwa kipande cha ile naani ngumu, akakila, akajifuta uso kwa tishu ambayo ilichanika na kumwachia vipande vyeupe kwenye ndevu.

Kisha akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno. Sesilia aliyajua maneno hayo, kwani kwa wiki nzima alimsikia akiyarudia pale kwenye benchi, kwa Kiswahili cha kanisani, akiomba asahihishwe.

"Wanangu," alianza. "Mie ni ntu... ni mtu mzima. Nke wangu..."

Kwikwi ikamkata. Kubwa, ya sauti, kama mlango uliofunguka kwa kishindo.

"Nke wangu alitangulia mbele ya haki," alisema, "na mie kwa heshima..." Kwikwi. "Kwa heshima kubwa nimekuja..." Kwikwi. Alijishika kifua. Alijaribu kumeza mate. "Nimekuja kwenu niombe, mama yenu awe nke..." Kwikwi.

"Nke!" alisema Elibariki. Naye akasimama, akajishika kifua, akavuta mdomo chini, akamfuatisha: lafudhi, kwikwi, mikono mikubwa iliyoning'inia, kila kitu. "Wanangu, nimekuja kuchukua nke! Hik! Nke na nchuzi! Hik!"

Alimpatia. Hilo ndilo lililomponza Sesilia. Alimpatia hasa, na tangu pale alipokuwa anaweka mkoba wake vizuri begani Sesilia alikuwa ameshikilia kitu tumboni kwa nguvu, hofu au aibu, hakujua, na sasa kilimponyoka. Alicheka. Kilianza kama chafya, kisha kikaja chenyewe, kirefu, cha juu, kicheko cha mawifi zake wale. Alicheka mpaka akashika meza. Alipofungua macho aliona Albano amekoma kuongea. Alikuwa bado amesimama, vipande vya tishu kwenye ndevu, anamtazama yeye peke yake. Wale wengine hakuwaona tena.

Kwikwi ikamjia mara moja tena, ndogo. Akasema, "Samahanini," akaelekea chooni.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenawa, shati limelowa, uso umegeuka majivu. Hakukaa. Alizunguka meza akampa kila mtu mkono, Noela, kisha Elibariki, na wa mwisho Sesilia, na kiganja chake kilikuwa baridi. Alisema wasiwe na wasiwasi, mambo ya kaunta ameshayamaliza. Sesilia alimwona kupitia dirishani akisimama kule chini na Twaha, wakiongea, Twaha anatazama viatu vyake. Kisha akapanda bodaboda, akakaa upande kama wanawake wanavyokaa, amejishika tumbo.

"Ameondoka na kwikwi yake," alisema Noela.

Walikula kamba. Kamba walikuwa wabichi.

* * *

Video aliyoichukua Noela ilianzia kwenye kundi la ukoo. Kutoka huko ikapanda kwenye simu za watu, na kufikia Jumanne ilikuwa imefika kwenye kundi la jumuiya ya Tabata, alipo mwenyekiti, alipo katekista, walipo wanakwaya wote ambao Sesilia aliwashonea sare. Mtu alikuwa ameiwekea mdundo wa singeli. Albano anasema nke, anapigwa kwikwi, Elibariki anasema nke, kwikwi, na juu ya vyote, waziwazi, karibu kabisa na simu, mwanamke anacheka. Uso wake haukuonekana. Haukuhitajika. Kila mteja aliyeingia dukani siku ile alikuwa anamwangalia mdomoni.

Alimpigia Albano, simu imezimwa. Alikwenda karakana yake, imefungwa, na jirani akamwambia mzee aliugua usiku wa Jumapili, alitapika damu, walimpeleka zahanati, amerudishwa jana. Sesilia alinunua maziwa na ndizi za kuiva akaenda.

Albano alikuwa amepanga vyumba viwili Segerea. Mlango ulifunguliwa na Rosalia, dada yake mkubwa, mama mfupi aliyefunga kanga kiunoni kama mtu aliye tayari kwa kazi.

"Shikamoo, dada."

Rosalia hakuitikia mara moja. Aliziangalia ndizi. "Umekuja kumalizia?" aliuliza. Kisha akasogea pembeni. "Marahaba. Pita. Mwenyewe kasema ukija upite."

Albano alikuwa amelala ubavu juu ya kitanda alichokichonga mwenyewe. Amepungua. Zile suruali zingemwanguka tena. Sesilia alikaa kwenye kigoda, akaanza kumsalimu kwa lugha ya nyumbani, naye Albano akamjibu kwa Kiswahili.

"Karibu, mama Elibariki."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tangu siku ya suruali alikuwa anamwita Sesilia, kwa kulivuta jina lile katikati.

Sesilia alimpa pole. Alisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Alisema amewagombeza, jambo ambalo hakulifanya. Alisema yeye alicheka kwa mshtuko, moyo ulikuwa unalia, kuna watu hucheka hata msibani. Albano aliyasikiliza yote, na yalipokwisha alijaribu kuupatia mgongo mahali pazuri.

"Nina swali moja tu," alisema. "Uliniambia kweli siku zote, niambie na hili. Ulikuwa unajua kuwa wameniwekea pilipili?"

Rosalia alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Nje mtu alikuwa anapiga honi akimwita muuza maji. Sesilia aliona mlango wa jikoni, bega la Twaha, kidevu cha mwanawe. Neno lilikuwa moja, fupi. Ndiyo. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Haki ya Mungu sikujua," alisema. "Ningejua ningeruhusu?"

Albano alimwangalia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo Sesilia alilichukua kuwa ni heri.

"Haya," alisema Albano. "Ahsante kwa maziwa. Dada Rosalia, nsindikize mgeni."

Walipofika kwenye uzio Rosalia alimrudishia mfuko na ndizi zake ndani.

"Anajua," alisema. "Yule mhudumu alimwambia palepale kuwa ni mwanao, na kwamba wewe ulikuwa unaona. Asubuhi hii kaniambia, dada, akija akasema kweli nitamsamehe, ni mama, alibanwa na watoto wake. Nitamsamehe na nitamuoa." Aliifunga kanga yake upya. "Mie nikamwambia hatasema. Tukabishana mpaka akachoka. Nenda mama. Usirudi tena hapa."

Sesilia alisimama nje ya uzio, mfuko mkononi. Alitaka kurudi ndani aseme. Hata alirudi hatua chache, akagonga. Hakuna aliyefungua, ingawa alisikia wazi vyombo vikioshwa uani na Rosalia akimuuliza mdogo wake kama atakunywa uji.

* * *

Jumamosi watoto walikuja Tabata na soda na kuku wa kuchoma, wamechangamka kama watu waliotoka kuaga maiti wasiyemlilia. Noela aliketi kwenye kochi, miguu juu ya stuli, akieleza rangi ya chumba cha nyuma kule Bunju. Elibariki alikuwa anatembea huku na huko anagonga kuta kwa ngumi.

"Nimepata mpangaji, bi mkubwa. Anataka kufungua duka la vinywaji. Huu ukuta tunautoa, hapa panakuwa kaunta. Mwisho wa mwezi anaingia. Wewe unaenda kupumzika kwa Noela, unamshika mjukuu, nini tena unataka?"

"Na cherehani?" aliuliza Sesilia.

"Mama, cherehani ya nini? Utakuwa na mtoto," alisema Noela.

"Na bora tulimtoa yule Mmakonde mapema," alisema Elibariki. "Angekuwa amekaa hapa anachonga mashetani sebuleni. Baba angefufuka."

Alilisema jina la baba kwa ile sauti yake ya kawaida ya kumtaja baba. Kuna jambo alilolishika maishani kama wengine wanavyoshika rozari: siku Elinaza anakata roho, yeye Elibariki alikuwa safarini Arusha, hakuwahi kufika, na mama yake alimwambia kwamba baba alimwita kwa jina, mara tatu, na neno lake la mwisho lilikuwa kumwombea baraka. Aliliandika hilo kwenye kaburi. Akilewa huwa analia kwa ajili yake. Ndilo lililomfanya ajione mrithi.

Sesilia alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta.

"Elibariki," alisema. "Baba yako hakukutaja."

"Unasemaje?"

"Siku ile. Hakukutaja. Nilikutungia kwa sababu ulikuwa unalia sana kwenye simu. Aliuliza dawa, akauliza kama geti limefungwa, akalala. Jina lako halikutoka. Nadhani alikuwa amekuchoka."

Haikuwa kweli. Elinaza alimwita mwanawe usiku kucha mpaka sauti ikamkauka, na Sesilia ndiye aliyemshika mkono akimwambia anakuja, yuko njiani. Lakini uongo huu ulitoka laini kuliko ule wa Segerea, haukukwama hata kwenye meno, na alipouona unavyoingia usoni mwa mwanawe, unavyoishusha midomo, unavyomrudisha utotoni, aliona raha ya namna ambayo hakuwahi kuijua.

"Mama," alisema Noela polepole akishusha miguu. "Mama, usiseme hivyo."

"Kweli mama?" aliuliza Elibariki. "Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Alibaki amesimama katikati ya sebule, ngumi yake bado imekunjwa ya kugongea ukuta. Kisha akatoka bila kuchukua funguo zake za nyumba wala soda yake. Noela akamfuata, akishika kiuno, akilia, na mlangoni aligeuka.

"Mie nitajifungua na nani sasa?"

"Na wanawake wenzio," alisema Sesilia. "Wako wengi hospitali."

Alikaa akasikiliza. Gari halikuwaka. Lilikaa pale nje muda mrefu, vioo vimefungwa, na kupitia pazia aliona kichwa cha mwanawe kimelala juu ya usukani, na mkono wa Noela ukimpapasa mgongo kwenda na kurudi. Majirani walishaanza kuchungulia. Sesilia alichukua sahani, akajiwekea paja la kuku wa kuchoma, akaangalia kwenye mfupa kama limeiva, na lilikuwa limeiva, akala lote.